Mafunzo ya uokoaji kwa waliotoka jela, Kawempe, Kampala: darasa safi, ofisi ina maneno mengi

Nianze na hukumu ili asiye na muda aende zake: kinachofundishwa ni kizuri, walimu wanaijua kazi, vifaa havitoshi, na habari ya kupewa kazi ukimaliza isikilize kwa sikio moja. Kama ni lazima nitoe nyota, darasa nalipa nne kati ya tano, ofisi mbili. Mwenye muda avute kiti.

Mimi ni mtu wa Bombo, mji wa Wanubi na wanajeshi, ambako Kiswahili tunaamka nacho. Nilikuwa gereza la Luzira, upande wa wanawake. Kesi yangu si habari ya leo. Nilitumikia, nikapunguziwa theluthi kwa mwenendo mzuri kama sheria inavyoruhusu, nikarudi nyumbani na ujuzi wa kusuka mikeka na vikapu katika mji ambao kila bibi anasuka kunishinda. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia kuna watu Kawempe wanawafundisha waliotoka jela kazi ya huduma ya kwanza na kuzima moto, tena bure, kesho yake nilikuwa kwenye taksi.

Jina la shirika silitaji, maana humu nitawasifu na pia nitawasema. Wanafundishia kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya kanisa, kozi ya wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa.

Hiyo bure ina masharti yake. Unaweka amana ya shilingi 50,000 ya glovu, fulana na kitabu, halafu unarudishiwa ukimaliza. Kwa mtu aliyetoka ndani juzi, 50,000 si mchezo. Mimi nilirudishiwa, ndiyo, ila kwa mafungu, na fungu la mwisho nililifuata mwenyewe mpaka mlangoni kwao. Wanataka pia barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa wa kwenu, na karatasi yako ya kuachiliwa. Hiyo karatasi usiisahau. Kuna mama alitoka Luweero alfajiri akarudishwa mlangoni kwa sababu aliiacha kabatini, na kijana wa ofisi hakumpa hata maji.

Siku ya kwanza nusura nisirudi. Mwalimu wa moto ni mzee mstaafu wa zimamoto ambaye sote tulimwita Afande bila kuambizana. Alitaka tutoke nje haraka, akapuliza filimbi. Nusu ya darasa ikachuchumaa palepale, safu za watano watano, mikono magotini, tukingoja kuhesabiwa. Wapo waliocheka, wapo walioinamisha vichwa. Afande alitutazama, akaitia filimbi mfukoni, na tangu hapo akawa anapiga makofi akituita. Hakutoa hotuba wala hakuomba radhi kwa maneno. Nikasema moyoni, huyu nitamsikiliza.

Halafu chakula cha mchana kikaja: posho, yaani ugali, na maharage. Jamani! Watu waliokula posho na maharage mwaka nenda mwaka rudi unawaandalia posho na maharage siku ya kuwakaribisha? Kijana mmoja wa Koboko akauliza kwa sauti kama na hesabu ya jioni ipo. Wiki iliyofuata walileta matoke na mchuzi wa karanga, na mahudhurio yakapanda. Waandaaji wa kozi kama hizi wakinisoma, hilo ni la kuandika kwenye bajeti.

Darasani tulikuwa mchanganyiko: waliotoka Kitalya, Kigo, Luzira, mmoja alifungwa Gulu. Maelezo yalikuwa kwa Luganda, ila amri zote kwa Kiswahili, kwa sababu watu wa Arua na wa Busia wangeachwa nyuma, na pia kwa sababu kila aliyekaa ndani amri za Kiswahili anazielewa kabla hazijaisha kutamkwa. Hilo lilisaidia sana. Ukisema "inua" machela inainuka mara moja, pembe zote nne.

Sasa niseme kuhusu mafunzo yenyewe, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Sehemu ya kuokoa uhai inafundishwa na Sista, muuguzi aliyekaa miaka mingi wodi ya majeruhi. Mkali, hapendi simu, na haruhusu mtu aseme "nimeelewa" kama hajafanya. Alitupa mwendo wa kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano, kisizidi sita, kifua kiachwe kirudi juu kabla hujashuka tena, 30 halafu pumzi mbili. Tukaanza kuhesabu kwa sauti. Tatizo likajitokeza papo hapo. Moja mpaka kumi tunakwenda vizuri. Tukifika kumi na moja, kumi na mbili, hesabu inakuwa ndefu na mikono inangoja mdomo umalize. Kwenye ishirini na saba mgonjwa keshakata tamaa. Sista akacheka mara ya kwanza tangu tumjue, akasema hesabuni kumi mara tatu, na mwenzako akunje kidole kila kumi inapoisha. Tukafanya hivyo na mwendo ukakaa sawa. Kitabu walichotupa hakina hilo, maana kimeandikwa Kiingereza. Mimi nalipia mwalimu wa namna hiyo hata kama ukumbi unavuja.

Na unavuja kweli.

Midoli ya mazoezi ni miwili tu kwa darasa zima. Mmoja pafu lake limepasuka, wamelifunga kwa kavera, mfuko wa plastiki, na mpira wa nywele. Unapanga foleni, unafanya duru moja, unarudi nyuma ya foleni. Mikono inajifunza kwa kurudia, na kwa midoli miwili kurudia kwenyewe ni kidogo. Sisi wanne tulikuwa tunabaki jioni, Sista anatuachia ufunguo. Usipobaki jioni, utatoka na cheti na mikono isiyo na uhakika.

Damu ndiyo waliyoifundisha vizuri kuliko vyote, na ndiyo inayohitajika zaidi barabarani kwetu. Kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha, usifunue kila dakika kuchungulia kama imeacha, kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake. Leso ya mama yeyote inafaa. Kamba ya kuzuia damu ni kwa mkono au mguu tu, damu ikikataa kabisa, nayo inafungwa juu ya jeraha kwa upana wa vidole vinne hivi, isikae kwenye kiungo, na unaandika saa uliyofunga. Kuandika saa hatukuwa tunakuona kama jambo, mpaka Sista alipotueleza daktari anauliza nini mgonjwa anapofika hospitali ya Mulago.

Kisha likaja suala la boda. Nyote mmeliona: mtu amegongwa, wanamweka katikati, mmoja mbele anaendesha, mmoja nyuma anamshika, huyo hospitali. Shingo inayumba njia nzima. Sista alitufundisha kumgeuza mtu kama gogo, mmoja akishika kichwa na kutoa amri, wengine bega, nyonga na miguu. Tukafanya mazoezi juu ya mlango wa zamani, kwa sababu machela ilikuwa moja na mlango unapatikana kila kijiji. Hapa kuna jambo nililipenda. Kabla ya kumshika mtu aliyelala kifudifudi, Sista alikuwa anauliza kwanza nani yuko tayari kuwa mgonjwa leo. Kuna mwanaume mtu mzima, mkimya, hakujitolea hata mara moja kushikwa akiwa chini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alishika kichwa kila mara, na ndiye aliyekuwa na mikono iliyotulia kutushinda sote.

Wazo la kuwafundisha watu wa kawaida si geni Kampala. Mwaka 2008 walifundishwa polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa, watu 300 na ushei, kwa sababu hao ndio wanaofika kwanza kwenye ajali. Gari la wagonjwa, likija, linakuta mambo yameshaharibika au yameshatengenezwa. Hili la kutufundisha sisi tuliotoka jela ni hatua ya pembeni tu ya wazo lilelile.

Kwa Afande kulikuwa na moto. Mtungi wa kuzimia: chomoa pini, elekeza chini kwenye chanzo cha moto wala si kwenye ndimi zake, bana mpini, fagia kulia na kushoto. Inasemeka haraka, ila ukiwa mbele ya pipa linalowaka dizeli, joto linakusukuma na macho yanataka kutazama juu. Malalamiko yangu: tulizima moto wa kweli siku moja tu, kila mtu sekunde chache, kwa sababu kujaza mitungi upya ni gharama. Zilizobaki zilikuwa picha ukutani. Zimamoto haifundishwi kwa picha.

Lakini somo lake la mabweni sitalisahau. Alituuliza: "Wangapi mmelala kwenye chumba kinachofungwa kwa nje?" Mikono yote juu, hakuna aliyesita. Akasema, "Basi hili somo mnalijua kuliko mimi." Akatusomea habari za shule ya Budo Junior, Aprili 2008, bweni lililoungua usiku na wasichana wadogo wakafia ndani, na za shule ya wasioona ya Salama kule Mukono, Oktoba 2022, watu 11. Akatugawa makundi, tukazunguka lile jengo la kanisa na ukumbi wake tukiandika kila dirisha lenye nondo zisizofunguka, kila mlango wenye kufuli, na nani anakaa na ufunguo saa nane za usiku. Kundi letu lilipata mambo ambayo mwenye jengo mwenyewe alikuwa hajui. Mtu aliyewahi kulala akiwaza "ukiwaka hapa tunatokaje" hahitaji somo hilo mara mbili.

Na kwetu huku barabara ya Bombo kulikuwa na jingine. Oktoba 2024 lori la mafuta lilipinduka Kigogwa, watu wakakimbilia na vibuyu na madumu kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi kumi, na majirani zetu wamo. Afande alilichukua tukio hilo hatua kwa hatua: simama upande upepo unakotoka, rudi nyuma mita mia na zaidi, pikipiki zizimwe, sigara hapana, simu usiipige karibu, na kazi yako ya kwanza si kuzima, ni kuzuia watu. Akasema ukweli pia, kwamba dumu la petroli ni pesa ya wiki kwa mtu asiye na pesa, kwa hiyo usimwite mjinga, mpigie kelele aondoke. Nimesikia watu wengi wakiwatukana marehemu wa Kigogwa. Darasa hili halikuwatukana.

Tuje ofisini.

Bango lao la nje lina picha ya mtu aliyevaa kofia ya zimamoto, na nyuma yake gari la wagonjwa linang'aa. Lile gari si lao. Tuliahidiwa kupanda zamu kwenye ambulensi ili tuone kazi. Tulipelekwa kuliona likiwa limeegeshwa, tukapiga picha, tukarudi. Ile picha sasa iko kwenye kipeperushi chao, na mimi nimo.

Kofia ya zimamoto ndiyo yenye matatizo zaidi. Hapa Uganda kikosi cha zimamoto na uokoaji kiko chini ya polisi. Kuingia huko unaingia kama askari polisi, na polisi hawamchukui mtu mwenye hatia mahakamani. Kijana wa ofisi alilijua hilo, kwa sababu nilipomuuliza wiki ya tano alijibu haraka mno. Kwa nini basi mmebandika kofia? Akasema ni ya kuvutia. Mimi sipendi kuvutwa hivyo.

Nilijaribu kampuni binafsi ya magari ya wagonjwa. Waliniona nikifanya, wakapenda, wakanipa karatasi ya mahitaji, na mstari wa tatu ulikuwa hati ya tabia njema, ile inayotolewa na ofisi ya Interpol ya polisi baada ya kupigwa alama za vidole. Ukiwa na hatia, alama zako zinakusema. Habari ikaishia hapo, kwa upole, na chai wakaninywesha.

Afande alitusimulia ya California, Marekani. Huko wafungwa wamekuwa wakizima moto wa misituni tangu miaka ya 1940, na wakitoka walikuwa wanakwama pale pale tunapokwama sisi, kwenye rekodi. Mwaka 2018 walifungua kituo cha mafunzo Ventura kwa waliotoka, cha miezi 18. Mwaka 2020 wakapitisha sheria, AB 2147, inayomruhusu aliyezima moto akiwa mfungwa amwombe hakimu amfutie hatia, isipokuwa makosa fulani mazito. Naona wenzetu waligundua kuwa mafunzo bila mlango wa sheria ni nusu ya kazi. Shirika letu la Kawempe lina pesa za vipeperushi. Zingelipa wakili mmoja wa kuandika barua kwa waajiri, tungefika mbali zaidi.

Kazi zipo, lakini si zile za kwenye bango. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza mahali pa kazi, na wenye viwanda, vituo vya mafuta na shule wanahitaji mtu anayejua. Hakuna aliyeniambia hivyo ofisini. Sista ndiye aliyeninong'oneza. Nilikwenda kwa Hajati mmoja mwenye kituo cha mafuta barabara ya Gulu, nikamwambia nilikuwa Luzira kabla hajaambiwa na wengine, nikamwomba awashe moto kwenye beseni nyuma ya choo. Akawasha. Nikauzima kwa mchanga na kifuniko, bila hata kugusa mtungi wake, halafu nikamwonyesha kwamba sindano ya mtungi huo iko kwenye nyekundu, yaani hauna nguvu. Nilianza kazi wiki hiyo, 300,000 kwa mwezi, kuuza mafuta na kushika usalama. Wikendi naitwa kwenye harusi na mechi, kukaa na sanduku la dawa, malipo ya siku.

Waendesha boda wa steji ya jirani nao wanachanga kidogo kidogo kila wiki kwa ajili ya bandeji na glovu, na sanduku lao liko kwangu. Mwanzoni walinitania. Kisha mwenzao akaanguka kwenye makutano, paja limechanika, damu inaruka. Walipokimbia kumpakia kwenye boda nilipaza sauti: "Simama! Msimguse!" kwa Kiswahili kile cha kambini, na umati mzima ukaganda. Bombo ni mji wa jeshi. Walidhani mimi ni mwanajeshi. Nikakandamiza kwa leso yangu kwa uzito wa mwili wote, nikamwita mmoja kwa jina ashike kichwa, mwingine apige simu polisi 999. Ilikuja kabangali, ile pikapu ya polisi, tukampandisha juu ya ubao. Mguu anao, na leso hakuirudisha.

Nani asiende? Anayetaka vazi la serikali. Atapoteza wiki sita na kupata hasira. Asiende pia anayedhani atakuwa mtaalamu wa tiba ya dharura. Hao wanasomea chuoni, na Sista analisema hilo siku ya kwanza bila kupepesa. Aende mwenye tumbo la kuvumilia damu, mwenye steji, soko, duka au kituo ambacho tayari anakijua, na mwenye kubaki jioni na yule mdoli mzima.

Mtoto wa jirani yangu ametoka Kitalya juzi, amenijia na maswali. Nimemwambia achukue karatasi ya kuachiliwa, aombe risiti ya zile 50,000 yenye mhuri, na wiki ya kwanza amuulize kijana wa ofisi mbele ya darasa ni waajiri gani wamemchukua mwanafunzi wao mwaka huu, awataje. Akaniuliza kama wanatoa nauli. Hawatoi. Kutoka Bombo mpaka Kawempe, kwenda na kurudi kila siku, ajipange mwenyewe, au atafute ndugu wa kulala kwake upande wa Matugga.